Kumtoa kinda ili kumpata nyota: thamani ya chipukizi tunaipimaje?

Shabiki wa Besi ya Tatu

Ndugu wapenzi wa besiboli, nawasalimu nyote. Nina swali lililonikaa rohoni tangu Desemba 2024, na kila majira ya baridi yanapoingia na timu za Ligi Kuu kuanza kubadilishana wachezaji, hunirudia upya.

Mimi ni shabiki wa Chicago Cubs. Katika wiki moja ya mwezi huo yalifanyika mabadilishano mawili makubwa. Kwanza, Boston Red Sox waliwapa Chicago White Sox makinda (vijana wa ligi ndogo wanaosubiri kupanda Ligi Kuu) wanne, yaani Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman González, wakamchukua mrushaji wa mkono wa kushoto Garrett Crochet. Siku mbili baadaye timu yangu ikawapa Houston Astros wachezaji watatu, Isaac Paredes, Hayden Wesneski na kinda Cam Smith, ikamchukua mpigaji nyota Kyle Tucker.

Crochet alikuwa amebakiza misimu miwili kabla ya kuwa mchezaji huru, yaani anayeweza kusaini na timu yoyote. Tucker alikuwa amebakiza mmoja tu. Smith, kwa upande wake, ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa na Cubs, wa 14 katika drafti (zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya) ya Julai mwaka uleule, na tulikuwa hatujamaliza hata kulizoea jina lake. Ilipofika Machi 2025 Astros walimwanzisha katika Ligi Kuu akiwa mlinzi wa uwanja wa nje upande wa kulia, ilhali sisi tulimfahamu kama mlinzi wa besi ya tatu. Tucker naye alituanzia vizuri sana, akaumia mkono mwezi wa Juni, na baadaye akaumia msuli wa mguu. Tulishinda mechi 92, tukawatoa San Diego Padres katika raundi ya kwanza ya mtoano, kisha tukatolewa na Milwaukee Brewers katika mechi ya tano. Msimu ulipokwisha, Tucker akawa mchezaji huru.

Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: je, tulifanya biashara nzuri au tulipunjwa? Na muhimu kuliko hilo, thamani ya kinda ambaye hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu hupimwa kwa kipimo gani, hadi timu moja ione inafaa kumtoa kwa mwaka mmoja wa nyota na nyingine ione afadhali kumkumbatia? Ninaposoma orodha za makinda 100 bora naona namba, lakini namba hizo hazinisaidii kujua lini mtu aseme ndiyo na lini aseme hapana.

Mzee wa Iningi ya Tisa

Ndugu yangu, swali ni zuri, ila umelianzia mwishoni. Umetazama walichofanya Smith na Tucker mwaka 2025, ndipo ukataka kujua kama uamuzi wa Desemba 2024 ulikuwa sahihi. Meneja mkuu anayeamua mwezi wa Desemba hana matokeo ya Oktoba mezani pake. Ana timu yake na kalenda yake, na anapaswa kujiuliza kama nyota anayekuja ataikuta timu ikiwa tayari kushinda.

Wanaopinga kumtoa kinda wana mifano miwili ambayo hawaichoki. Agosti 1987 Detroit Tigers walimtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz, wakapewa na Atlanta Braves mrushaji mkongwe Doyle Alexander. Agosti 1990 Boston Red Sox walimtoa Jeff Bagwell kwa Houston Astros, wakapewa mrushaji wa akiba Larry Andersen. Smoltz na Bagwell wote wawili wameingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Watu huitaja mifano hii kwa pumzi moja kana kwamba ni kosa lile lile, nami siku zote nimekataa kuiweka kapu moja.

Alexander aliwachezea Detroit wiki zilizobaki za msimu ule bila kupoteza mechi hata moja: alishinda tisa, na kwa wastani aliruhusu mikimbio (pointi) 1.53 kwa kila iningi tisa, yaani vipindi vya mechi moja kamili. Detroit walitwaa kundi lao kwa kuwazidi Toronto mechi mbili. Mtoe Alexander katika hesabu hiyo uone wanabaki wapi. Ni kweli kwamba katika mtoano alipoteza mechi zake mbili na Detroit wakatolewa, na ni kweli kwamba Smoltz alikuja kushinda mechi 213. Hata hivyo Detroit walinunua kitu walichokihitaji, na kilifika. Boston walinunua iningi 22. Andersen alirusha iningi hizo 22 tu, timu ikafagiwa na Oakland katika mtoano bila kushinda mechi hata moja, naye akaondoka zake. Kosa la Boston ni kumtoa kinda kwa mtu wa kazi ndogo. Ukimtoa kinda, mtoe kwa mtu atakayeibadilisha timu.

Sasa nikupe mfano ambao naona ndio wenye somo kubwa zaidi, maana niliufuatilia siku kwa siku. Desemba 2012 Kansas City Royals walikuwa hawajacheza mechi ya mtoano tangu mwaka 1985. Walikuwa na kinda mpigaji, Wil Myers, aliyekuwa ametoka kutajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi ndogo. Meneja mkuu Dayton Moore akamtoa Myers pamoja na warushaji Jake Odorizzi na Mike Montgomery na kijana mwingine mmoja, wote wakaenda Tampa Bay Rays, naye akawapata warushaji James Shields na Wade Davis. Kelele zilizopigwa siku ile ninazikumbuka vizuri. Waandishi na mashabiki walisema Moore ameuza miaka sita ya Myers kwa miaka miwili ya Shields ili tu aokoe kazi yake. Mwaka uliofuata Myers akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Marekani (American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu), na kelele zikazidi.

Tazama kilichotokea baadaye. Shields aliwapa Royals iningi nyingi kuliko mrushaji yeyote wa ligi hiyo mwaka 2013, na timu ikamaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Davis, ambaye wengi walimwona kama nyongeza tu ya Shields, alihamishiwa kwenye iningi za mwisho mwaka 2014, na msimu mzima, katika iningi 72, hakuna mpigaji aliyempiga homurani, yaani pigo la kuvuka ukuta, hata moja. Royals wakafika fainali za World Series mwaka ule wakapoteza mechi ya saba, na mwaka 2015 wakarudi wakawafunga New York Mets. Aliyekuwa kilimani, anaposimama mrushaji, usiku wa Novemba mosi, iningi ya 12, ni Davis, na mpigaji wa mwisho, Wilmer Flores, alisimama akiutazama mpira ukipita ukawa straiki ya tatu, ile inayomtoa mpigaji. Shields wakati huo alikuwa ameshaondoka, lakini bila biashara ile Davis asingekuwepo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe ni mtu wa Cubs. Yule Mike Montgomery aliyetolewa kama kinda mwaka 2012 ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa mechi ya saba mwaka 2016, mlipotwaa ubingwa wa kwanza tangu 1908. Na aliyekuwa amerusha kabla yake mwisho wa iningi ya nane na iningi ya tisa, Aroldis Chapman, mlimpata Julai mwaka ule kwa kumtoa Gleyber Torres, kinda wenu bora kuliko wote wakati huo. Chapman alikuwa amechoka, akampa Rajai Davis homurani iliyosawazisha mechi ikawa 6-6, mvua ikaisimamisha mechi, na bado mkashinda 8-7 katika iningi ya kumi. Baada ya wiki chache akarudi New York Yankees akiwa mchezaji huru. Niambie kwa dhati: umewahi kukutana na shabiki wa Cubs anayemlilia Torres?

Daftari la Mishahara

Namheshimu Mzee wetu na kumbukumbu zake, lakini naona amelipita upande jambo moja ambalo bila hilo hakuna meneja mkuu anayeinua simu. Kinda ana thamani kwa sababu kipaji chake ni cha bei nafuu na kwa sababu hana ruhusa ya kuondoka.

Mchezaji anapopandishwa Ligi Kuu anabaki mikononi mwa timu hadi atimize miaka sita ya utumishi. Miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida timu hujipangia yenyewe mshahara wake, na mara nyingi humpa kiwango cha chini au karibu nacho, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka mitatu inayofuata huingia katika usuluhishi wa mishahara, ambapo msuluhishi huamua pande mbili zisipokubaliana, na hapo hupanda kila mwaka. Ndiyo maana Tucker, katika mwaka wake wa mwisho kabla ya kuwa huru, alilipwa dola milioni 16.5, huku Smith akicheza uwanja wa nje wa Houston kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho na akiwa na miaka mingine mitano mbele yake.

Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Cubs wanalijua hili kuliko timu yoyote, kwa kuwa mwaka 2015 walimpandisha Kris Bryant katikati ya Aprili, akamaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja ilimnyima mwaka, na timu ikapata msimu wa saba wa kazi yake. Bryant alilalamika rasmi, na shauri lake likakataliwa mwaka 2020. Mkataba wa wachezaji wa mwaka 2022 umejaribu kupunguza mchezo huu kwa kuizawadia timu nafasi ya ziada ya drafti ikimwanzisha kinda wake wa juu tangu mwanzo wa msimu naye akafanya vizuri, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa moyo wote, maana kijana aliye tayari hana sababu ya kukaa wiki tatu katika daraja la AAA, la juu kabisa katika ligi ndogo, ili hesabu za mwajiri wake zipendeze.

Kwa hiyo unapoona timu inasema kinda fulani hauzwi, usidhani siku zote inazungumzia uwezo wake. Mara nyingi inazungumzia mishahara ambayo haitalazimika kuilipa. Hilo ni sawa kwa mwenye timu. Shabiki, kwa maoni yangu, hapaswi kulibeba kama lake. Timu yenye uwezo wa kumlipa nyota haina haki ya kumwambia shabiki kwamba inamnyima nyota huyo kwa ajili ya mustakabali.

Mfano wa kupima ni mpigaji nyota Juan Soto. Agosti 2022 Washington Nationals walimpeleka San Diego pamoja na Josh Bell, baada ya Soto kuikataa ofa ya miaka 15 na dola milioni 440. Walipewa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell III na Jarlin Susana, pamoja na Luke Voit. Kwa upande wa kuchagua vijana, ni vigumu kufanya vizuri zaidi ya hapo: Abrams aliitwa katika mechi ya nyota mwaka 2024, Gore na Wood wakaitwa mwaka 2025, na Wood akapiga homurani 31 mwaka huo. Pamoja na hayo yote, Nationals walishinda mechi 66 tu mwaka 2025, na tangu ubingwa wao wa 2019 hadi mwaka huo hawakumaliza msimu hata mmoja na ushindi mwingi kuliko vipigo. Makinda walipatikana, lakini timu ya kuwazunguka haikujengwa. Soto naye, baada ya kupitia San Diego na Yankees, alisaini na Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765. Miaka inapita, na ile miaka sita ya bei nafuu ya Abrams inamalizika timu ikiwa mkiani.

Kiwiko

Nitakuwa mfupi. Tofautisheni kinda mpigaji na kinda mrushaji. Mkono wa mrushaji ni kitu dhaifu, na orodha ya 100 bora haioni kilichomo ndani ya kiwiko.

Desemba 2016 White Sox hao hao waliwapa Boston mrushaji wa kushoto, Chris Sale, wakapewa makinda wanne. Ndiyo, wanne, kama ilivyokuwa kwa Crochet miaka minane baadaye, na kati ya timu zilezile mbili. Wakuu katika kundi lile walikuwa Yoán Moncada, mmoja wa makinda waliosifiwa kuliko wote ulimwenguni wakati huo, na mrushaji Michael Kopech aliyekuwa na mwendo wa kutisha. Kopech alipanda Ligi Kuu Agosti 2018, akarusha mechi nne, kano ya kiwiko ikakatika, akafanyiwa upasuaji uitwao Tommy John na hakuonekana mwaka mzima wa 2019. Moncada alikuwa na mwaka mmoja mzuri kweli, 2019, kisha majeraha na kushuka. Sale akamtoa Manny Machado kwa straiki tatu na kufunga World Series ya 2018. White Sox walifika mtoano mwaka 2020 na 2021 bila kushinda raundi hata moja, na mwaka 2024 wakapoteza mechi 121.

Hata wapigaji nao si dhamana. Mets walipomtoa Jarred Kelenic Desemba 2018, wakawapata Robinson Canó na mrushaji Edwin Díaz kutoka Seattle, niliwasikia mashabiki wa New York wakiomboleza kwa miaka mitatu. Kelenic alipofika Ligi Kuu mwaka 2021 wastani wake wa kupiga ulikuwa .181, yaani alipiga salama chini ya mara moja katika kila nafasi tano. Mwaka uliofuata Díaz akawatoa wapigaji 118 kwa straiki katika iningi 62. Maombolezo yakanyamaza.

Shabiki wa Besi ya Tatu

Nawashukuru sana wote. Mzee, swali lako kuhusu Torres limenigusa. Jibu ni hapana, sijawahi kukutana naye. Lakini nikumbushe kwamba mwaka mmoja baadaye, Julai 2017, timu yangu hiyo hiyo iliwatoa Eloy Jiménez na Dylan Cease kwa ajili ya mrushaji José Quintana, na Cease akaja kumaliza wa pili katika kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2022. Huyo tunamlilia. Kwa hiyo ubingwa ulitufuta machozi mara moja, haukuyakausha.

Mmezungumza sana kuhusu waliotoa. Naomba mwenye habari za waliokataa kutoa atueleze nao walipata nini. Wazee walisema subira huvuta heri, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami sijui Baltimore Orioles niwaweke upande upi.

Binti wa Nyuma ya Sahani

Kaka, mimi ni mtu wa Orioles, kwa hiyo acha nijibu kama mwenye kidonda.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho. Nimekaa mara nyingi nyuma ya sahani ya nyumbani katika mechi za daraja la AA, moja chini ya AAA, mahali wanapokaa skauti (wasaka vipaji) wa timu nyingine na vifaa vyao vya kupimia mwendo wa mpira. Watu hawa hawashangilii. Siku moja kijana mmoja alipiga homurani iliyovuka ukuta kwa mbali na uwanja mzima ukasimama, lakini skauti aliyekuwa mbele yangu hakuinua hata kichwa. Baadaye kijana yule yule aliacha mipira minne mfululizo iliyotoka nje kidogo ya eneo la straiki, akapewa besi ya kwanza bure, na hapo ndipo skauti alipoandika katika daftari lake, mistari mitatu minne hivi. Nikajifunza kwamba sisi tunalitazama tukio, na wao wanatafuta kitu kitakachobaki siku ambayo warushaji watakuwa bora zaidi. Hiyo ndiyo thamani ya kinda kaka yangu: makisio ya kitakachobaki.

Na makisio hukosewa hata kwa aliye wa kwanza katika orodha. Jackson Holliday alichaguliwa namba moja katika drafti ya 2022, na alipopandishwa Aprili 2024 alikuwa ndiye kinda namba moja wa besiboli yote. Katika mechi zake kumi za kwanza aliupiga mpira salama mara mbili katika nafasi 34, akatolewa kwa straiki mara 18, akarudishwa ligi ndogo. Alikuwa na miaka 20. Sisemi hafai, maana amerudi na anacheza. Ninasema kwamba hata akiwa bora kuliko wenzake wote, alihitaji muda, na muda ule ulikuwa ndio muda wetu wa kushinda.

Mwaka 2023 tulishinda mechi 101 tukafagiwa na Texas Rangers katika mtoano, sababu kubwa ikiwa warushaji wetu. Kila mtu alijua tunahitaji warushaji, na ghala letu la makinda lilikuwa limejaa kuliko la timu nyingine yoyote. Februari 2024 tukamchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya drafti. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi. Kisha Oktoba ikafika. Burnes akawarushia Kansas City iningi nane, akaruhusu mkimbio mmoja tu, tukapoteza 1-0. Siku ya pili tukapoteza 2-1. Katika mechi mbili za nyumbani, wapigaji wale wote tuliokataa kuwatoa walileta mkimbio mmoja. Burnes akaondoka kwenda Arizona kwa miaka sita na dola milioni 210, na mwaka 2025 tukashinda mechi 75 tu.

Sasa, ili nisionekane kwamba nalia tu: Julai 2024 tuliwatoa Kyle Stowers na Connor Norby kwa Miami, tukampata mrushaji Trevor Rogers. Kwa miezi kadhaa biashara hiyo ilionekana ya aibu, maana Rogers alirusha vibaya hadi akateremshwa AAA, na Stowers mwaka 2025 akapiga homurani 25 na kuitwa katika mechi ya nyota. Rogers aliporudi mwaka huo huo akaanza mechi 18 na wastani wake wa mikimbio ukawa 1.81. Stowers hakuwa na nafasi kwetu. Uwanja wa nje ulikuwa umejaa. Kinda aliyezibwa na wenzake ana thamani ndogo kwa timu yake kuliko kwa jirani, na hapo ndipo pande zote mbili zinaweza kunufaika. Hilo ndilo ambalo uongozi wetu ungelifanya mapema na mara nyingi zaidi, ilhali ulikaa ukiwahesabu vijana kama akiba ya benki, wakati kijana huzeeka na thamani yake hushuka kila mwezi anaokaa AAA bila kupewa nafasi.

Mzee wa Iningi ya Tisa

Dada, umenena vizuri, na kuhusu aliyezibwa nakubaliana nawe moja kwa moja. Nakupinga jambo dogo tu. Usiihukumu biashara ya Burnes kwa mikimbio ambayo wapigaji hawakuileta. Mliomba mrushaji wa kushinda mechi ya kwanza ya mtoano, mkampata, naye akairusha. Kama mngebaki na Ortiz na Hall, mngepoteza mechi ile kwa zaidi ya moja. Kilichokosekana ni biashara ya pili na ya tatu, ya mpigaji mzoefu, wakati bado mlikuwa na vijana wa kuwatoa.

Daftari la Mishahara

Niongeze kitu kimoja kwa ndugu wa Cubs, kwa sababu kinabadilisha hesabu yake. Zamani mchezaji wa drafti hakuweza kubadilishwa hadi mwaka mzima upite tangu asaini. Tangu mwaka 2015 kizuizi hicho kinaisha World Series inapomalizika, na ndiyo maana Smith aliweza kutolewa Desemba ya mwaka uleule aliochaguliwa. Vilevile, timu inayompa nyota wake ofa ya mwaka mmoja, naye akaikataa na kusaini kwingine, hufidiwa kwa nafasi ya ziada katika drafti, na Cubs walimpa Tucker ofa hiyo naye akaikataa. Kwa maneno mengine mlichotoa ni Smith, Paredes na Wesneski, na mlichopata ni msimu mmoja wa Tucker pamoja na haki ya kufidiwa kinda mwingine. Tena Paredes alipoondoka, besi ya tatu ilibaki wazi kwa Matt Shaw, kinda wenu wa drafti ya 2023, ambaye msimu ule alipata mechi nyingi za kujifunzia. Hesabu hiyo si mbaya kama ulivyoianza.

Shabiki wa Besi ya Tatu

Nimesoma yote mara mbili. Nilipoandika swali nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba tulipunjwa, na nilikuwa nikiutafuta mkono wa kunishika. Sasa naona vingine, ingawa si kwa ukamilifu.

Kama ningerudishwa Desemba 2024 nikiwa na simu mkononi, ningempigia kwanza meneja wa White Sox. Crochet alikuwa ametoka kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki katika iningi 146 akiwa na timu mbovu kuliko zote, alikuwa na miaka 25, na alibakiza misimu miwili. Boston walimsainisha kwa miaka sita zaidi na dola milioni 170 hata kabla msimu wa 2025 haujapamba moto, akatoa wapigaji 255, wengi kuliko mrushaji yeyote wa Ligi Kuu mwaka huo. Kwa mtu kama huyo ningemtoa Smith bila kulala na swali. Kwa Tucker wa mwaka mmoja, ningemtoa pia, lakini kwa sharti la nafsi yangu kwamba timu iongeze mrushaji mwingine wa uhakika kabla ya Aprili. Hilo halikufanyika, na tulipofika mechi ya tano na Brewers tulilihisi.

Dada wa Orioles, nimebaki na swali moja kwako kuhusu kijana yule aliyeacha mipira minne. Alifika Ligi Kuu?

Binti wa Nyuma ya Sahani

Alifika kaka. Akiwa na jezi ya timu nyingine.